Salamu za Urbain

Mdogo wangu Josiane,

Huku Hässelby barafu ya bwawani imeyeyuka, na kila asubuhi Urbain hushika kamera kwa mkono wa kushoto akaenda kupiga picha za ndege. Sikukwambia mapema: tangu apatwe na kiharusi mwezi wa kwanza, mume wangu alikuwa hasemi.

Jana nilisogelea kiota cha bata bukini. Dume akanijia mbio, mabawa wazi. Nyuma yangu nikasikia, "Laurentine, rudi."

Nilirudi, nikakaa kwenye nyasi nikalia, naye akanipiga picha. Nakutumia hiyo.

Mwambie Mama kwamba Urbain anamsalimu. Miezi yote hii salamu zake nilikuwa nazitunga mimi. Hizi amezitamka mwenyewe, polepole.

Dada yako akupendaye,
Laurentine