Kosa Halikuwa la Benson

Wazo,
Dar es Salaam.
15 Juni 2025

Mpendwa dada Tekla,

Shikamoo. Natumaini wewe na wanao hamjambo, na goti la Mama limepata nafuu. Ile dawa ya kuchua niliyoituma kwa basi ilifika? Sisi huku wazima. Wifi yako Demetria kifua kimetulia tangu mvua zilipoosha vumbi la kiwanda. Nasikia kahawa mwaka huu imezaa sana. Hongereni, ila msimwache Mama ashinde juani akianika.

Najua umeshangaa kuona bahasha. Mara tatu nimekupigia simu ili nikuambie haya, na mara zote tatu nikaishia kuulizia mvua. Kwenye karatasi angalau siwezi kubadili mazungumzo.

Ni habari za mdogo wetu Benson. Mwezi wa tatu ulimpigia ukamkemea kwamba amemwibia kaka yake, kisha ukamkatia simu. Ulifanya hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuambia. Dada, Benson hakuniibia kitu. Nakuomba usome mpaka mwisho ndipo unikasirikie.

Unalikumbuka lile gari jekundu la milango miwili, ambalo Mama alipoona picha yake aliuliza watoto watakaa wapi? Nililinunua Desemba kwa mtu wa Mbweni aliyekuwa anahama. Tangu nilipokuwa karani kijana kule Kurasini, nikiyaona magari ya mbio yakitolewa bandarini, nilikuwa natamani moja. Nimelipata nina miaka hamsini na mbili.

Haukupita muda likaanza ugonjwa. Likiwa limesimama injini inanguruma vizuri, kwenye foleni halina neno. Lakini ukikanyaga mafuta ulipite lori la saruji, linavuta, linasita, halafu linaruka mbele ghafla mpaka shingo inarudi nyuma. Siku moja lilisita nikiwa nimeshatoka upande wangu, na lori jingine linatujia usoni. Dereva wa lori hilo ndiye aliyetuokoa kwa kuingia pembeni ya barabara. Demetria alikuwa kando yangu.

Nikalipeleka kwa Benson, pale gereji kwake njia ya kiwandani. Akaliendesha mpaka Bunju na kurudi, akisikiliza tu. Aliposhuka akaniuliza:

"Kaka, kuna mtu kaifungua hii gari kabla yangu?"

"Hakuna."

"Hata wewe?"

"Mie nifungue injini? Ya nini?"

Nilimdanganya. Mwezi wa kwanza nilifungua mwenyewe nikafunga chujio jipya la hewa, la kung'aa, nililoagiza mtandaoni ili mlio uwe mkubwa. Niliona aibu mdogo wangu ajue kwamba mtu mzima kama mimi natafuta mlio.

Basi akaanza kutafuta kusikokuwa na kitu. Akaniambia mashine ya kupimia inaonyesha tu kwamba hewa na mafuta havipatani, haisemi kwa nini, na kwamba hataki kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Akapima plagi na koili, akashusha pampu ya mafuta, akaipima akairudisha. Akaomba siku zaidi. Mimi nikakosa subira, nikalichukua gari kwa fundi mwingine. Huyo alichungulia pampu mara moja akasema, "Mzee, hii sio yake. Umebadilishiwa."

Sikumwuliza amejuaje. Nilikwenda moja kwa moja kwa Benson, Jumamosi asubuhi, wateja wamejaa. Alikuwepo na Mwishehe, yule jirani yetu mwenye malori ya mchanga ambayo yote yalikuwa yanatengenezwa pale.

"Nimekulea, nimekusomesha ufundi, leo unanichomolea pampu!"

Benson alifuta mikono. "Kaka, ingia ndani tuongee."

"Hapahapa! Wakusikie!"

"Basi mie sina la kusema mbele za watu."

Kunyamaza kwake nikakuchukua kuwa ndiyo kukiri. Jioni ileile nikakupigia wewe.

Mwishehe aliyahamisha malori yake wiki hiyohiyo. Wengine wakamfuata. Pasaka ilipofika gereji ilikuwa imefungwa, na Benson ameajiriwa Kurasini, kwenye yadi ya makontena, anatengeneza matrela ya watu.

Mimi nikafunga pampu mpya. Gari likasita vilevile. Hapo nilitakiwa kuzinduka, lakini nikasema atakuwa ameharibu na kitu kingine. Unaona nilivyokuwa.

Mwezi uliopita Demetria akakataa kulipanda tena mpaka lipimwe na Monica, mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ana gereji Mbweni. Monica akauliza swali lilelile la Benson, nani alilifungua. Kabla sijafumbua mdomo, Demetria akajibu, "Huyu hapa. Mwezi wa kwanza, uani kwetu." Kisha akanigeukia. "Si ulimwambia Benson?"

Nikamfungulia Monica boneti.

Monica akapuliza moshi kwenye njia ya hewa. Tukasubiri. Moshi ukatokea chini ya ile pete ya chuma inayobana mpira wa turbo, mahali nilipofungua ili chujio liingie, nikakaza tena kwa nguvu zangu zote mpaka mpira ukachanika. Akanieleza kwamba injini ikipumzika ufa unajifunga, ndiyo maana huoni kitu. Ukikanyaga mafuta, turbo inasukuma hewa, ufa unafunguka, hewa inatoroka na nguvu zinakatika. Ukijifunga tena, nguvu zinarudi kwa kishindo. "Hapa palikazwa na mtu asiye fundi," akasema, kwa upole tu. Nikamtolea na ile pampu ya zamani iliyokuwa kwenye buti. Akasoma namba zake. Ilikuwa ya gari lenyewe, haijawahi kubadilishwa.

Akafunga mpira mwingine tukatoka barabarani. Gari likavuta bila kusita hata mara moja. Dada, nilitamani lisite.

Jumatatu yake nilikwenda Kurasini nikamsubiri Benson getini mpaka saa ya chakula. Alitoka na ovaroli, grisi mpaka kwenye viwiko. Nikamweleza yote, na uongo wangu. Akauliza, "Mpira wa upande gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Ungenambia umefunga chujio, huo ndio ningeuangalia wa kwanza."

Nikamwomba msamaha. Akanijibu, "Nimekusikia. Ila hukunitukania hapa getini."

Nikaelewa. Nikazunguka kwa waliokuwepo siku ile, mmoja mmoja, na Jumapili iliyopita nikasimama kwenye sala ya jumuiya nikasema mbele ya wote. Mwishehe alinisikiliza tumesimama mlangoni, hakunikaribisha kiti. "Malori nimeshayaweka kwa mtu mwingine," akasema, "na kazi yake sina ubaya nayo. Sasa mie nimtoe kwa kosa gani?" Gereji bado imefungwa.

Kuna neno moja ambalo Benson alilisema tukiagana, na ndilo lililonikalisha chini kuandika. Alisema, "Wewe nakujua, una hasira. Lakini dada hakuniuliza."

Basi mpigie. Usimwombe anisamehe, hilo ni langu na nitalibeba mwenyewe. Mwulize tu alitaka kukuambia nini siku ile ulipomkatia simu. Halafu msikilize mpaka amalize.

Mama umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Wasalimie wanao Rogers na Gladness, na shemeji umpe pole ya shamba. Demetria na mwanetu Clara wanawasalimu sana. Mungu awatunze, na awafikishe salama mwisho wa mavuno.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyekukosesha,

Didas