Gazeti Lilinipiga Picha Mimi, Likamwacha Lineo

Ha Thamae,
Maseru.
19 Juni

Mpendwa mdogo wangu 'Malineo,

Hujambo huko Durban? Mgongo je, bado unakusumbua unapoinama kufua? Shemeji na mtoto Bohlokoa wazima? Mimi mzima, ila baridi ya mwaka huu imeingia mifupani. Nalala na mablanketi matatu.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya aibu. Mwanao Lineo ameondoka kwangu, leo siku ya tisa. Aliyemfukuza ni mimi, ingawa sikutamka neno.

Unajua kiwandani kwao wanashona suruali za jinzi. Msimamizi wao alikuwa na mtindo wake: mkataba ukiisha, msichana hapewi mwingine mpaka akubali kulala naye. Lineo na mwenzake Keneuoe walikusanya ushahidi kwa miezi minne, vyooni na saa za chakula. Wasichana thelathini na wanane waliandika katika daftari moja kwa mikono yao. Mimi sikujua lolote. Nilimwona anachelewa kurudi, nikadhani ana mvulana.

Siku waliyogoma niliwapelekea uji langoni. Mwandishi wa gazeti akaja. Lineo akamnyooshea daftari. Yule bwana akamtazama kama mtu aliyemzibia njia, akauliza, "Kiongozi wenu yuko wapi?" Kisha akaniona. Ananijua kwa mambo ya zamani, tulipodai mke asihesabiwe mtoto mbele ya sheria. "Mama, sogea hapa kwenye mwanga!" Nikasogea. Mdogo wangu, hata kilemba nilikiweka sawa.

Gazeti likatoka na sura yangu ukurasa mzima: eti akina mama wa enzi zile bado wanapigana, mabinti wa leo wamelala na simu zao. Daftari halikutajwa. Wakubwa wa kiwanda wakalishika gazeti hilo hilo, wakasema malalamiko ni ya bibi mmoja wa nje, wafanyakazi wenyewe hawana shida. Lineo, Keneuoe na wengine wawili wakaachishwa kazi kwa kumfuata mchochezi. Mchochezi ndimi, niliyeleta uji.

Lineo alilitandaza gazeti mezani. "Mama mkubwa, umependeza." Akafungasha nguo zake.

Nilimwendea mhariri nikamtaka asahihishe. Akacheka kwa heshima. "Mama, wasomaji wanakujua wewe. Hao watoto ni nani?"

"Ungewauliza wenyewe walipokuwa langoni," nikamjibu. Hajasahihisha hadi leo.

Kisha redio ikanialika. Nikasema siendi bila Lineo. Keneuoe ndiye aliyembembeleza. Akaja, akakaa kiti cha mbali nami. Mtangazaji akaniuliza swali, nikanyamaza. Akarudia. "Mama, tuko hewani!" Nikamsukumia Lineo maikrofoni. Akasoma maneno ya wasichana watatu bila kuwataja, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Hakufika wa nne. Wakaweka tangazo la sabuni. Akatoka bila kuniaga.

Kazi hawajarudishiwa. Msimamizi yule bado yupo. Nasikia sasa anatembea kati ya vyerehani akiuliza kwa dhihaka, "Nani mwingine anataka kuandika?"

Jana asubuhi wanawake sita wa kiwanda kingine walibisha hodi. Nikawakaribisha, nikaanza kuwaeleza mimi ni nani na nimefanya nini maishani. Mmoja akanikatiza, "Samahani mama, tunamtafuta yule binti aliyesoma redioni." Nikawaambia sijui analala wapi. Wakatazamana. Hata chai hawakunywa.

'Malineo, najua Lineo anakupigia simu wewe. Usimsihi arudi kwangu, wala usinitetee. Mwambie tu wapo wanawake sita wanaomtaka yeye, si mimi. Namba yao nimeiandika nyuma ya karatasi hii.

Nisalimie shemeji, nibusie Bohlokoa. Mungu awafunike nyote, na huyo mtoto wetu amfunike zaidi popote alipojibanza.

Dada yako akupendaye, hata ukimkasirikia,

'Manthati