Alama ya Mkono Kwenye Shasi

Papa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia gurudumu la akiba, hapa uani Majengo, palepale ulipokuwa unakaa ukimaliza kazi. Mikono yangu inanuka petroli, ile esanse yako ya kufutia chuma, na Mama amenikataza kugusa sufuria. Nina neno moja zito la kukuambia, lakini niache kwanza nikupe habari za nyumbani, maana likishatoka hilo sitaweza kuandika mengine.

Hatukukupeleka Butembo. Ulitaka ulale karibu na mama yako, najua, lakini barabara ilikuwa imefungwa na hakuna dereva aliyekubali. Tulikuzika hapa Goma, kwenye mawe ya volkano. Wachimbaji walitumia nyundo na mtaimbo tangu asubuhi, na sisi tulikaa pembeni tukisikia chuma kikigonga jiwe. Mama bado anapika ugali wa watu wanne. Kambale, mdogo wangu uliyemwacha hata gia hajazijua, sasa anaendesha, ingawa anakanyaga breki kama anaua mende.

Jeep yako haikutoka miezi yote barabara ya Rutshuru ilipofungwa. Ilisimama hapa bila maharagwe, bila vitunguu, ikinyeshewa na mvua hii yetu inayochanganyika na moshi wa volkano na kutoboa mabati ya watu wote. Wewe ndiye uliyekuwa unapigana na kutu yake. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa ulilala chini ya gari, ukaikwangua shasi yote kwa brosi ya waya, ukaifuta kwa esanse, ukapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, kisha nyeusi, na mwisho ukamimina mafuta machafu ya moteri ndani ya mihimili yake. Majirani walikucheka kwamba unapamba mahali ambapo hakuna atakayepaona. Magari yao yameshauzwa kama vyuma chakavu.

Na zile soksi. Chuma kikishafutwa, hakuna aliyeruhusiwa kukigusa mpaka rangi ikauke. Ulivaa soksi kuukuu mikononi, ukatuvalisha na sisi. "Usiguse chuma na mukono," ulikuwa unasema. "Jasho iko na chumvi. Kutu itatokea pale pale ulishika." Mama alilalamika kwamba soksi zinakwisha kabatini, na wewe ulienda misa mguu mmoja buluu, mwingine kahawia, bila aibu yoyote.

Sasa neno lenyewe. Barabara ilipofunguliwa, mimi na Kambale tuliingia chini ya jeep na tochi. Shasi ilikuwa nzima kuliko tulivyoogopa, isipokuwa sehemu moja, upande wa ndani, karibu na gurudumu la nyuma. Rangi ilikuwa imefura na kubanduka, na chini yake kutu ilikuwa imechora mkono. Kiganja, kidole gumba, vidole vitatu virefu, na kidole cha mwisho kifupi, kile kilichokatwa na mnyororo ulipokuwa kijana. Nilizima tochi ili Kambale asione uso wangu.

Nikakumbuka mara yako ya mwisho kupaka. Ulinituma sokoni kununua brosi, na niliporudi nilikuta brosi mbili nzima zipo kwenye ndoo. Ulikuwa umekaa kwenye gurudumu hili, umelowa jasho, soksi ya mkono mmoja imeanguka chini. "Hakuna kitu," ulisema. "Nimechoka kidogo tu." Shasi ilikuwa imeshapakwa. Baadaye, hospitalini, daktari alituambia kwamba moyo wako ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo siku ile uliyasikia maumivu yakija, ukanituma mbali nisione; yakakushika, Papa, ukiwa peke yako chini ya gari, ukashika chuma kitupu usizimie, kisha ukapaka rangi juu yake ili tusijue. Nimekukasirikia. Nimelia, na bado nimekukasirikia.

Wiki nzima sikumruhusu Kambale apaguse. "Yaya, kutu iko inakula chuma," aliniambia mimi dada yake. "Tukiacha hivi, shasi itavunjika kwa njia ya Rutshuru." Alisema kweli. Lakini nguo zako zimeanza kunuka kabati, sauti yako inanipotea, na mkono wako ulikuwa hapo. Kila jioni niliingia chini kuuangalia.

Mwishowe nilimwambia Mama. Akaweka beseni chini, akakaza kikwembe chake kiunoni, akalala juu ya mawe na kujisogeza chini ya gari, yeye ambaye hajawahi kuingia huko maisha yake yote. Nikamsikia akisema, "Ni yeye." Kisha akatoka, akajipangusa vumbi, akachukua beseni lake.

"Mukwangule," alisema. "Papa yenu hakupendaka kutu."

Nimekwangua leo asubuhi. Kidole kifupi nilikiacha cha mwisho. Chuma kimeliwa kidogo, hakijatoboka. Nilipokifuta kwa esanse kiling'aa, na nilitamani sana kuvua soksi niweke kiganja changu palepale. Sikuvua. Rangi nyekundu ya kwanza inakauka ninapoandika.

Keshokutwa tunakwenda Rutshuru kutafuta maharagwe. Lala, Papa, hata kama si Butembo. Shasi nitaitunza jinsi ulivyonifundisha, kila hatua, na soksi zangu mikononi. Jambo moja tu sitafanya kama wewe. Siku maumivu yatakaponishika huko chini, nitaita mtu.

Masika wako