Juu maji yalikuwa kimya

Mwenzangu, uko? Nivumilie tu.

Mzamiaji wetu amevunjika mgongo. Asubuhi hii, pale bwawani. Na aliyetia saini ruhusa ya kuzama ni mimi!

Nilitazama maji kama tunavyofanya siku zote. Yametulia kama kioo. Nikaandika "shwari".

Kumbe mvua ya jana milimani ilileta maji ya tope. Hayo ni mazito, yanateleza chini chini kwenye sakafu ya bwawa, yanayasukuma maji baridi yaliyolala kule. Basi mawimbi yanazuka humo humo ndani, kati ya maji baridi na yale ya vuguvugu ya juu. Makubwa kama nyumba, na wewe juu huoni hata kiwimbi.

Moja likambeba, likambamiza kwenye wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Mimi niko ukingoni nimeshika kamba, natazama kioo.

Na yule dada wa maabara ya bwawa alinipigia kabla! "Vipimajoto vya chini vinapanda na kushuka, usizamishe mtu." Unajua nilimjibu nini? "Dada, njoo uyaone maji yenyewe."

Mke wa mzamiaji tuko naye hapa hospitali. Kaniuliza, "Lakini si ulitazama kwanza?"

Nimemwambia nilitazama.