Mbao Nilizozilalia

Mama watoto,

Saratani ya tezi imerudi, na leo naanza dawa upya. Daktari hakunificha: safari hii nafasi ni ndogo.

Chai iko kwenye chupa. Mteja wa kitanda mwambie atafute fundi mwingine.

Alfajiri ulinikuta karakanani nimelala juu ya mbao, najipima kwa futi. Nimetengeneza majeneza ya watu miaka yote, sikutaka mwingine aje akosee urefu wangu. Ukazipiga mbao teke: "Kabati langu mwaka wa tatu hulimalizi, jeneza ndiyo una haraka nalo?" Nilitaka kucheka, nikakutukana. Nisamehe.

~~Usije hospitali.~~ Njoo saa saba, ulete shuka. Usiniambie nitapona. Kaa tu.

Matumaini sina. Nakwenda kwa sababu umesema niende.

Najua ninachokuomba. Mara ya kwanza mimi nilipoteza kilo kumi na tisa na meno mawili. Wewe ulipoteza kazi yako ya jikoni pale shuleni, na mama yako akazikwa ukiwa kwangu wodini.

Baba watoto