Geti Halimjui Papa Glody

Jumapili, 4 Oktoba 1998

Ibada imeisha lakini watu hawakuondoka. Mume wangu Peguy alikuwa mlangoni na kidude chake kipya, wanakiita tag. Kisanduku cha plastiki, kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni. Unakibandika kwenye kioo cha gari, unafika kwenye geti la kulipia barabara, kinalia pi! — mti wa geti unanyanyuka wenyewe, na pesa inakatwa kwenye akaunti yako. Husimami, huongei na mtu.

Kwenye kioo cha gari. Sisi tuna pikipiki.

"Toka hapa Natal, unaingia Free State, unatokea Gauteng, hakuna mutu anakuuliza kintu!" anawaambia wanaume wa kanisa, nao wanakipokezana kama mtoto mchanga. Pasta Yeremia akakiombea. Kweli! Aliweka mkono juu yake, akafumba macho. Zilisikika amina nyingi kuliko za mahubiri yake.

Najua kwa nini anakipenda hivyo. Alikiandikisha kwa jina lake, kwa ile karatasi ya ukimbizi ambayo kila ofisi inasema haitoshi, na hawa wa mageti wakamwandika bila kumwambia arudi Alhamisi. Kwa hilo simcheki. Kwa mengine yote, acha nicheke.

Jumanne, 6 Oktoba

Jana alikifunga kwenye usukani kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kikadondoka kwenye robot ya kwanza, yaani taa za barabarani, ikiwa nyekundu, akashuka kukiokota katikati ya magari. Leo amekifunga mbele ya kofia ngumu, juu ya paji la uso. Kazi yake ni kupeleka bahasha za maofisi mjini Durban, kwa hiyo mji mzima umemwona. Epiphanie, yule Mrundi ninayefanya naye saluni, alitoka nje kumwangalia akamwacha mteja na nusu ya kichwa. Anasema anafanana na mchimba madini aliyepotea njia ya mgodini.

Jumamosi, 10 Oktoba

Tumeenda kukijaribu. Mimi nyuma, mtoto wetu Glody tumemwacha kwa Epiphanie. Geti la kwanza, kabla ya Pietermaritzburg.

Akalikaribia kwa adabu. Kimya. Akarudi nyuma, akaja tena. Kimya. Akainamisha kichwa chenye kidude, kama anayesalimia wakwe. Kimya! Magari nyuma yetu honi tupu. Dada wa kwenye kibanda akatoa kichwa: mashine inatafuta gari, pikipiki haioni vizuri, lipa cash, brother. Wakati huohuo mzungu mmoja mwenye ndevu, na yeye kwenye pikipiki, akapita pembeni ya mti wa geti na kutupungia mkono.

"Pita kama yeye," nikamwambia.

"Ule ni wa hapa. Mimi nikipita pembeni, niko mwizi."

Akalipa cash. Tukageuza, tukarudi. Tulipofika kwenye ngazi za nyumba yetu nikamsikia anamwambia jirani: kililia mara mbili!

Sasa amekihamishia mfuko wa koti, upande wa moyo. Anasema labda kinataka joto.

Alhamisi, 15 Oktoba

MAMA! Mama yuko Lusaka!

Wameniita kwenye duka la simu la chini, nikashuka na mikono ina mafuta ya nywele. Sauti yake ileile. Aliondoka Uvira, kwetu Kongo, vita vilipoanza tena mwezi wa nane, akavuka ziwa, akapita Kigoma, akashuka Mpulungu. Nimelia mbele ya foleni nzima. Nilimwacha mlangoni mwaka 96, akasema tangulieni, mimi nafuata kesho. Kesho hiyo imechukua miaka miwili. Hajamwona Glody hata kwa picha.

Lori litamfikisha Johannesburg, mtaa wa Yeoville, kwa Deborah, dada mmoja wa kanisa letu la kule. Kutoka hapo ni juu yetu.

Peguy amefurahi, nisimsingizie. Wajomba zangu walipomkataa, wakisema huyu kijana mdomo wake mrefu kuliko mkono, Mama ndiye aliyewanyamazisha. Wajomba walikuwa na macho, lakini hayo ya zamani.

Jumapili, 18 Oktoba

Matangazo. Pasta Yeremia anasema tumchangie mama yetu nauli ya basi kutoka Johannesburg. Sahani inaanza kuzunguka. Na nani anasimama?

"Pasta, bus ya nini? Mimi iko na moto, pikipiki yangu, iko na tag. Mama mukwe wangu nitamuleta mimi mwenyewe. Mageti yote ya mikoa tatu yatamufungukia!"

Makofi. Vigelegele. Mzee mmoja alimkumbatia. Mchango ukahamia kwenye spika za kwaya palepale. Nilimvuta shati akaendelea kupunga mkono. Mdomo huponza kichwa, na hiki chake kimevaa kofia ngumu bure.

Jumatatu, 19 Oktoba

Nimemwuliza asubuhi akipiga mswaki.

"Papa Glody, Mama atashika wapi?"

"Kushika nini?"

"Kwenye pikipiki. Wa nyuma anamshika wa mbele kiuno."

Mswaki ukasimama mdomoni.

Kwetu mwanaume na mama mkwe wake hawagusani. Hata mkono hawapeani. Kule Uvira Mama akimwona Peguy sokoni alibadilisha njia, na Peguy alianza kuchunguza viatu vyake. Wakitaka kusalimiana ilibidi nisimame katikati nipeleke salamu huku na huku. Sasa amkumbatie kutoka Johannesburg mpaka baharini? Tumbo kwa mgongo? Na zile kona za milimani, ambapo hata mimi mke wake namshika mpaka analalamika?

"Atashika kiti," akasema.

"Kiti hakina pa kushika."

"Nitamufunga na kamba."

"Utamfunga kamba mama mkwe wako!"

Akakaa kwenye ukingo wa bafu. Hakuwa amefikiria, wallahi hakuwa amefikiria hata kidogo! Alikuwa ameona mageti tu yakifunguka. Nimecheka mpaka Glody akaamka. Kisha nikamwonea huruma, nikamwambia aende kwa Pasta, aseme tu mambo yamebadilika, Mama atakuja na basi.

"Haiwezekane, Mama Glody. Walishapiga makofi."

Alhamisi, 22 Oktoba

Amefika! Yuko Yeoville, amekula, ameoga. Ameniuliza kama Durban kuna baridi. Nilitaka kupita ndani ya simu.

Deborah alichukua simu na kuniambia kwa upole: mwenye nyumba hataki wageni. Amekubali mpaka Jumatatu, basi. Nikamwambia mkwe wake anakuja kesho, Jumamosi watakuwa njiani. Peguy alikuwa pembeni yangu, anasikia. Alikuwa anakunja na kukunjua risiti ya petroli.

Ijumaa, 23 Oktoba

Ameondoka. Pasta alikuja kuomba barabarani, chini ya fleti, na wanaume wanne wa kwaya. Kofia, koti, buti. Nimemfungia mikate na mayai ya kuchemsha. Nikamwuliza: umeamua Mama atashika wapi? Akasema Mungu atafungua njia. Hakuniangalia machoni.

Jumamosi, 24 Oktoba

Asubuhi nafagia, nasikia Glody chini ya kitanda anatafuna kitu. Namvuta mguu. Ana kidude mdomoni! Kimechomoka kwenye koti wakati baba yake anavaa. Maskini, nikawaza, amelipa cash njia nzima na aibu juu.

Mchana wakaniita kwenye simu.

"Mama Glody! Minafika Johannesburg! Kile kintu kinalia, weee! Natal pi, Free State pi, Gauteng pi! Hata mapolisi walishangaa!"

Nilikuwa nimekishika mkononi. Bado kina mate ya mtoto.

"Umemwona Mama?"

"Bado natafuta nyumba. Yeoville ni kubwa, mabarabara yote inafanana."

Nikamwacha aseme. Nilitaka kusikia ataendelea mpaka wapi. Akaendelea mpaka kwenye hali ya hewa ya Johannesburg. Mvua kubwa, alisema. Nilipiga kwa Deborah baada ya hapo. Jua kali toka asubuhi, na hajafika mtu.

Jumapili, 25 Oktoba

Bizimana, kaka yake Epiphanie, anakaa Chatsworth, hapahapa Durban. Mtu mwema, hajui kuficha kitu hata ukimlipa. Baada ya ibada akaniuliza, mbele ya Pasta:

"Mama Glody, Papa Glody anarudi nyumbani lini? Toka Ijumaa analala kwa kochi yangu. Pikipiki ameifunika na turubai. Mimi nilifikiri mumegombana."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu imeishia Chatsworth. Mtu anapita mikoa mitatu akiwa amelala, anakula curry ya jirani wa Bizimana! Hakuvuka geti hata moja. Kanisa lilicheka, na mimi nilitaka kucheka nikashindwa. Nina hasira mpaka masikio yanauma. Mama yangu amekaa kwenye mji ambao hajui barabara hata moja, kesho wanamtoa nje, na mwanaume aliyesimama kumwahidi anaogopa kiuno chake mwenyewe.

Pasta Yeremia anasema spika zimeshanunuliwa. Bwana atatenda. Ni spika nzuri sana, anasema.

Nimempigia Mama. Nimemwambia yote, kwa aibu, nusunusu. Nikasikia kama simu inakwaruza. Kumbe anacheka.

"Mutoto wangu, toka Lusaka nilikaa mu lori katikati ya wanaume. Mumoja alilala hapa kwa bega langu, anakoroma, njia yote. Desturi nilizifungia mu nyumba kule Uvira, na nyumba walishaichoma. Mwambie mukwe wangu akuje tu. Tutaweka muto wa kulalia katikati."

Sikujua kwamba nyumba imechomwa. Alikuwa hajaniambia. Nilikaa kwenye kile kiti cha duka la simu, mwenye duka akanipa maji bila kuniuliza.

Epiphanie ametoa nauli kwenye kopo la saluni. Hakusema "utanirudishia", alisema "nenda". Nimemtuma Bizimana: kamwambie mtu wako wa kwenye kochi maneno ya Mama, yote, na muto usiusahau. Na umwambie mimi kesho napanda basi la asubuhi. Simngojei.

Jumatatu, 26 Oktoba

Naandika ndani ya basi, limesimama. 

Nimekaa kiti cha mbele kabisa, kioo kikubwa mbele yangu, Glody mapajani. Kidude nimekichukua. Nilitaka nikiweke mbele ya Mama, nimwambie: huyu ndiye mkwe uliyemtetea. Glody akakitaka, nikampa. Akawa anakigonga kwenye kioo, ta, ta, ta.

Tukakaribia geti la kwanza, lilelile. Dereva anapunguza mwendo, anatafuta pesa ya kulipia.

Pi!

Mti wa geti ukanyanyuka. Wenyewe! Dereva na pesa yake mkononi, dada wa kibanda na mdomo wazi. Basi zima likapiga kelele. Mimi nikacheka, nikacheka na machozi yakatoka, sikujua ni ya nini. Kwa hiyo kinafanya kazi. Kilikuwa kinataka kioo tu, kama kilivyoandikiwa. Na basi linalipa zaidi ya pikipiki, pole sana, Papa Glody.

Dereva amepita, kisha amesimama pembeni, anauliza nani ameleta mchezo huo kwenye basi lake. Abiria wa nyuma wanaitana dirishani. Sister, wananiambia, njoo uone, kuna mtu anatufuata tangu mjini, anapiga honi kama kichaa.

Nimeenda kuangalia.

Peguy. Mti wa geti umeshuka mbele yake. Anagusa kofia, anagusa mfuko wa upande wa moyo. Anagusa tena. Ndiyo kwanza anajua. Anapekua suruali, koti, buti, inaonekana hata pesa hana. Dada wa kibanda amenyoosha kiganja, anangoja. Pembeni ya mti wa geti nafasi ipo, ile aliyopita yule mwenye ndevu. Peguy ameiangalia. Hakupita. Ameshuka, amesimama na pikipiki yake kwenye mstari, honi zinamlilia, na mikono ameiinua kuelekea basi.

Nyuma ya kiti, umefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli, mto wa maua. Naujua. Ni wa kochi la Bizimana.

Dereva amewasha injini. Ananiuliza kwenye kioo chake: huyo ni wako? Unashuka au twende? Watu wote wamegeuka kuniangalia mimi. Glody amemwona baba yake, anagonga dirisha kwa kidude, ta, ta, ta. Mama ametoka kwa Deborah na mzigo wake, atakuwa amekaa kando ya barabara. Nikishuka nimlipie huyu geti, basi litaondoka. Nisiposhuka, huyu atabaki hapo getini na mto wake.

Dereva anauliza tena.