Zawadi za Baba Yako

Kwako mwanangu, mtuma vifurushi,

Randa mpya ya sikukuu imefika, pamoja na gundi, msasa na patasi. Ahsante, na iwe mwisho. Hapa hatujambo. Paka amezaa ndani ya boksi la msumeno uliotuma mwaka jana, na jirani bado anapiga redio kama analipwa.

Tangu baba yako astaafu udereva, useremala ndio starehe yake, na wewe unaona ukimrundikia vyuma basi umeshamtembelea. Kila sikukuu anasema, "Kijana wetu ananijali."

Sasa sikia. Baba yako haoni. Anapapasa mbao kama mtu anayetafuta funguo gizani, na juzi patasi yako imempasua kiganja. Amenikataza nisikuambie, ati utajilaumu. Mimi nataka ujilaumu.

Amekutengenezea kiti cha kukalia siku ukija. Ndicho nilichokalia nikiandika haya. Kinayumba.

Usithubutu kutuma kifaa cha kukinyoosha.

Mama yako, kama unamkumbuka.